Hazina ya Umma na Maradhi ya Moyo kwa Wamarekani Weusi, 1948–2018

Tarehe 16 Juni 1948, Rais Harry Truman wa Marekani alitia sahihi sheria iliyounda Taasisi ya Taifa ya Moyo, na tangu hapo uchunguzi wa maradhi ya moyo ukawa na fungu lake katika hazina ya umma. Mwaka huo huo, katika mji wa Framingham, Massachusetts, ulianza uchunguzi wa wenyeji 5,209, ambao walipimwa na kufuatiliwa kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya yale tunayofundishwa na waganga juu ya shinikizo la damu, sigara na lehemu ilitokana na daftari za mji ule. Lakini wenyeji hao walikuwa karibu wote Wazungu. Wamarekani Weusi, ambao shinikizo la damu na kiharusi viliwaua kupita wenzao, hasa katika majimbo ya kusini, hapana budi walisubiri. Uchunguzi wa namna hiyo uliowahusu wao peke yao, ule wa Jackson, Mississippi, wenye watu 5,306, ulianza kuandikisha watu mwaka 2000.

Makala haya hayakusudii kusimulia historia ya uchunguzi, bali ya jambo ambalo aghalabu huchanganywa nao, yaani fedha za umma zilizotolewa ili watu watibiwe. Kuhesabu wagonjwa ni kazi moja na kuwatibu ni nyingine, nayo hazina ya Marekani, kwa maoni yangu, imeikunjulia mkono zaidi ile ya kwanza.

Mfano wa mapema wa kazi ya pili ni wa Mound Bayou, mji wa Weusi katika Mississippi, ambako kituo cha afya kilifunguliwa mwaka 1967 kwa fedha za ule mpango wa Rais Lyndon Johnson wa kupambana na umaskini. Dk. Jack Geiger, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa amejifunza kazi ya namna hiyo huko Pholela, Natal, kwa Sidney na Emily Kark. Basi katika jambo hili Mississippi ilikuwa mwanafunzi wa Afrika. Waganga wa kituo waliwaandikia wenye utapiamlo vyeti vya chakula, na gharama zikaingizwa katika hesabu ya dawa. Maradhi yalikuwa mengine, lakini kanuni ndiyo hiyo tutakayoikuta katika habari za moyo.

Mwaka 1967, na tena 1970, Dk. Edward Freis na wenzake wa hospitali za askari wastaafu walikwisha kuthibitisha kwamba dawa za kushusha shinikizo la damu huzuia kiharusi na kifo. Lililobaki halikuwa swali la dawa bali la kumfikishia mtu dawa hiyo. Ndipo serikali ikagharimia jaribio kubwa katika jumuiya 14, Jackson mojawapo. Katika miaka ya 1973 na 1974 watu 158,906 wenye umri wa miaka 30 hadi 69 walipimwa, na waliokutwa na shinikizo la juu, 10,940, wakagawanywa kwa kura mafungu mawili. Fungu moja liliambiwa liende kwa waganga wake wa kawaida. La pili lilitibiwa hatua kwa hatua katika vituo maalumu: dawa bure, vipimo bure, nauli kwa asiyekuwa nayo, na saa za kungoja zikapunguzwa. Msomaji ataona kwamba dawa zenyewe hazikuwa ngeni. Ya kwanza ilikuwa ya kukojoza tu. Tofauti ilikuwa katika nani alipaye na nani amtafutaye mwenziwe, mgonjwa au mganga.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1979. Kwa miaka mitano, vifo katika fungu la pili vilikuwa pungufu kwa asilimia 17. Kwa wanawake Weusi upungufu ulifika karibu asilimia 28, na kwa wanaume Weusi zaidi ya 18. Wanaume Wazungu walipata nafuu iliyo ndogo kidogo, na wanawake Wazungu hawakupata. Hapa ndipo penye uzito wa habari yote. Kwa muda mrefu watu walikuwa wamesema kwamba wingi wa vifo vya Weusi ni wa damu na maumbile yao. Lakini waliofaidika zaidi na jaribio ni wale waliokuwa mbali zaidi na mganga; na yaliyobadilishwa katika jaribio ni njia ya kumfikia mganga, si maumbile ya mtu. Hata hivyo, lilipokwisha, matibabu ya bure yalikoma na wagonjwa wakaelekezwa kwa waganga wa kawaida. Na mwaka 1985, Waziri Margaret Heckler alipotoa taarifa kwamba Weusi kiasi cha 60,000 walikuwa wakifa kila mwaka zaidi ya idadi ambayo ingetarajiwa lau hali yao ingekuwa sawa na ya Wazungu, mapendekezo yaliegemea elimu na uenezi wa habari.

Elimu, naam, lakini kwa lugha gani? Miaka ya 1985 na 1986, huko New Orleans, Suzanne Heurtin-Roberts aligundua kwamba baadhi ya wanawake Weusi walilivunja lile neno la kitabibu la Kiingereza wakapata maradhi mawili: moja la damu iliyo juu, litibiwalo kwa chakula, na moja la mishipa ya fahamu na msukosuko wa maisha. Walioamini hivyo walifuata dawa kwa uhaba kuliko wenzao. Sisi tusiwacheke. Kiswahili nacho kina shinikizo la damu, kutokana na kitenzi shinikiza, na pembeni yake wasemaji wa kila siku wana presha ya kupanda na presha ya kushuka, kama kwamba ni ndugu wawili wa nyumba moja. Mwandishi wa karatasi za afya asiyeuliza maneno hayo yana maana gani kwa wayasemao, anazitupa fedha za umma.

Mwaka 2018 zilichapishwa habari za jaribio jingine la fedha za serikali, safari hii katika maduka 52 ya vinyozi wa Los Angeles, kwa wanaume Weusi 319. Katika baadhi ya maduka mfamasia alikuja mwenyewe, akapima na kutoa dawa kwa makubaliano na waganga. Katika mengine kinyozi aliwahimiza wateja waende kwa mganga, yaani dawa ile ile ya fungu la kwanza la 1973. Baada ya miezi sita, shinikizo la juu lilishuka kwa milimita 27.0 za zebaki kwa waliofuatwa na mfamasia, na kwa 9.3 kwa waliohimizwa.