Jembe la Mgeni: Walimu wa Kigeni na Krismasi ya Japani

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sawa. Lakini je, mwenye nyumba akimpa mgeni jembe kisha akamwambia, "Lima shamba lote, ila pale kwenye kona usiguse"? Hii ndiyo hadithi ya walimu wa kigeni nchini Japani, na kona yenyewe ilikuwa Krismasi.

Mwaka 1871 kijana mmoja wa Kimarekani, Edward Warren Clark, aliteremka bandari ya Yokohama. Aliitwa akafundishe sayansi katika mji wa Shizuoka. Kazi ipo, wanafunzi wapo, na hela ya wataalamu wa kigeni siku zile haikuwa ya kubahatisha. Baadhi yao walilipwa kuwashinda mawaziri. Mkataba ukaletwa. Ndani yake mlikuwa na kipengele kimoja: kwa muda wa miaka mitatu mwalimu asifundishe Ukristo, na habari za dini azinyamazie kabisa.

Clark alikuwa na miaka ishirini na kitu tu, yuko ng'ambo ya bahari na kwao. Wengi wetu tungetia sahihi tukasema tutajua mbele ya safari. Yeye alikataa. Alisema hawezi kukaa na watu miaka mitatu akafunga mdomo juu ya jambo lililo karibu zaidi na moyo wake. Kumbe msimamo ule ulisaidia. Kipengele kikafutwa, jamaa akaenda Shizuoka, akapewa hekalu la Kibuddha akae. Siku za kazi alifundisha kemia, Jumapili akafungua darasa la Biblia humohumo ndani ya hekalu.

Kwa nini serikali nzima iogope mdomo wa mwalimu wa kemia? Hapo, ndugu msomaji, inabidi turudi nyuma kidogo.

Ukristo uliingia Japani mwaka 1549 pamoja na padri Francis Xavier. Mwaka 1552 Wajesuiti waliadhimisha Krismasi katika mji wa Yamaguchi, na kwa miongo kadhaa dini hiyo ikaenea. Watawala wakaanza kuiona kama mlango wa wageni kuingilia nchi. Mwaka 1614 ikapigwa marufuku nchi nzima. Mapadri wakafukuzwa, waumini wakateswa, na huko Nagasaki watu wakalazimishwa kukanyaga picha za Yesu na Mariamu ili wathibitishe kwamba wao si Wakristo. Kwa zaidi ya miaka mia mbili kutamka tu neno lile kulikuwa hatari.

Wazungu walioruhusiwa kubaki walikuwa Waholanzi, tena si nchini hasa, bali katika kisiwa kidogo cha kutengenezwa kwa mikono, Dejima, pembeni ya Nagasaki. Krismasi yao wakaivalisha kanzu nyingine. Walifanya karamu mwishoni mwa Desemba, na Wajapani wakaiita sikukuu ya Waholanzi ya siku fupi kuliko zote katika mwaka. Kila mtu akala, kila mtu akanyamaza. Miongoni mwa waliofika kisiwani hapo ni daktari wa Kijerumani, Philipp Franz von Siebold, aliyewasili mwaka 1823. Mwaka uliofuata aliruhusiwa kufungua shule Narutaki, nje kidogo ya mji, akafundisha udaktari vijana waliotoka pembe zote za nchi. Alifukuzwa mwaka 1829 baada ya kukutwa na ramani za Japani. Kwa hiyo tangu mwanzo mwalimu wa kigeni alikuwa mtu wa kutamaniwa na kuogopwa kwa wakati mmoja: akili yake inatakiwa, mwenyewe anachungwa.

Turudi sasa mwaka 1871. Rafiki wa Clark, William Elliot Griffis, alikuwa Fukui akifundisha kemia na fizikia. Tarehe 25 Desemba ilimkuta huko. Lakini kwa kalenda ya wenyeji siku ile haikuwa 25 wala haikuwa Desemba. Ilikuwa siku ya 14 ya mwezi wa 11. Japani ilikuwa bado inahesabu miezi kwa mwandamo. Hebu fikiria: unaamka asubuhi, moyoni ni Krismasi, na hakuna hata mtu mmoja barabarani ambaye siku yake inafanana na yako. Upweke wa namna hiyo si wa kukosa watu. Watu wamejaa tele. Unachokosa ni tarehe.

Siku mbili kabla ya Krismasi hiyo, yaani tarehe 23 Desemba 1871, meli iling'oa nanga Yokohama ikiwa imebeba mawaziri na vijana wasomi chini ya Iwakura Tomomi. Walikwenda Marekani na Ulaya kujifunza na kutafuta mikataba mipya. Huko walikokwenda waliulizwa tena na tena: mbona mnawatesa Wakristo? Maswali hayo yaliuma. Tarehe 1 Januari 1873 Japani ikaanza kutumia kalenda ya Ulaya, na mwezi Februari mwaka huohuo zile mbao za barabarani zilizotangaza marufuku ya Ukristo zikang'olewa. Hakuna aliyesimama kutangaza uhuru wa dini. Mbao ziliondolewa tu, watu wakaelewa.

Sasa ndipo linapokuja tukio ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Tokyo, mtaa wa Tsukiji, waliruhusiwa kukaa wageni, na Mmisionari wa Kimarekani Christopher Carrothers pamoja na mkewe Julia walikuwa wakifundisha hapo. Mmoja wa wanafunzi alikuwa Hara Taneaki, ambaye zamani alikuwa ofisa wa utawala wa mji huo chini ya serikali iliyopinduliwa. Mwaka 1874 alibatizwa, na Krismasi ilipofika akasema atafanya sherehe yeye mwenyewe, kama shukrani. Baba Krismasi akahitajika. Sasa huyu mzee anavaaje? Wanafunzi wakajibu kwa akili yao: mtu wa heshima huvaa nguo za heshima. Baba Krismasi akaingia amevaa rasmi kama samurai, mabega yamesimama, upanga kiunoni!

Usicheke haraka. Mwaka 1874 samurai walikuwa bado wanaruhusiwa kutembea na upanga; marufuku ilikuja mwaka 1876. Hara na wenzake hawakuwa wanafanya mzaha. Walikuwa wameelewa somo, ila walilielewa kwa Kijapani. Mwalimu alileta mzee wa zawadi; wanafunzi wakaamua mzee huyo ni nani kwao. Hapo ndipo naona tofauti kati ya kufundishwa na kuiga. Anayeiga angetafuta ndevu nyeupe na kofia. Aliyefundishwa huuliza: kwetu jambo hili lina sura gani? Huyu Hara, baadaye, alitumia maisha yake kuwasaidia watu waliotoka gerezani. Somo halikuishia kwenye upanga.

Lakini tusidhani kwamba baada ya 1874 kila mwalimu wa kigeni alikuwa na karamu. Mwaka 1890 mwandishi Lafcadio Hearn, mzaliwa wa kisiwa cha Ugiriki aliyelelewa Dublin, alifika Matsue kufundisha Kiingereza kwa mshahara wa yen 100 kwa mwezi. Sikukuu za taifa zilikuwapo, kama vile siku ya kuzaliwa mfalme tarehe 3 Novemba, lakini Krismasi haikuwa mojawapo. Desemba kwake ilikuwa baridi tu. Nyumba zilikuwa za mbao na karatasi, na joto lilitoka kwenye chungu cha makaa. Mwezi Januari 1891 alianguka kitandani, mgonjwa hasa. Kilichomtia nguvu ni watu: wanafunzi waliomtembelea nyumbani alasiri, wakakaa kimya kwa adabu na kutazama vitabu, na Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa samurai, aliyekuja kuwa mke wake. Setsu alimsimulia hadithi za kale za mizimu, naye akaziandika. Mwaka 1896 akawa raia wa Japani kwa jina la Koizumi Yakumo. Mwalimu huyu hakuleta Krismasi popote. Yeye ndiye aliyefundishwa.

Karne ya 20 ilipoanza, Krismasi ilitoka mikononi mwa walimu ikaingia mikononi mwa wenye maduka. Pale Ginza, Tokyo, taa na mapambo vikavuta wanunuzi. Kisha historia ikafanya utani wake. Mfalme Taisho alifariki tarehe 25 Desemba 1926, na kuanzia mwaka 1927 hadi 1947 siku hiyo ikawa mapumziko ya taifa kwa ajili ya kumkumbuka. Kwa miaka ishirini mwalimu wa kigeni hakwenda kazini siku ya Krismasi, ila nchi ilikuwa kwenye kumbukumbu ya marehemu. Katikati ya miaka hiyo, Desemba 1941, vita na Marekani vilipoanza, raia wa nchi za adui waliokuwa Japani walijikuta wengine wamewekwa kizuizini, na walimu walikuwamo. Jembe likanyang'anywa.

Baada ya vita, siku ile ikafutwa kwenye orodha ya mapumziko. Krismasi yenyewe ikazidi kupendwa, na ikapata mambo ambayo mgeni hayatambui. Keki nyeupe ya krimu yenye stroberi juu. Kuku wa kukaanga, hasa baada ya kampeni ya Kentucky Fried Chicken ya mwaka 1974. Watu huweka oda mapema, wengine hupanga foleni. Mkesha wa tarehe 24 ukawa wa wapenzi kwenda kula mahali pazuri. Familia hukutana Mwaka Mpya.

Mwaka 1987 serikali ilianzisha mpango wa JET wa kuwaita vijana wa nje wasaidie kufundisha lugha shuleni. Wa kwanza walikuwa 848 kutoka nchi 4: Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Baadaye zikaongezeka nchi nyingine, Jamaika na Afrika Kusini zikiwamo. Wengi walitoka chuo kikuu moja kwa moja, wakapelekwa hata vijiji ambako mgeni ni yeye peke yake.

Maisha ya mwalimu wa namna hii mwezi Desemba si ya sinema. Anafika shuleni, anavua viatu mlangoni, anavaa ndala za ndani. Ofisi ya walimu ina joto, lakini korido ni barafu. Anakula chakula cha shule pamoja na wanafunzi, na baadaye anawaona wakishika fagio na matambara kusafisha shule yao wenyewe. Jioni walimu wana karamu ya kuusahau mwaka. Mkuu anayenyamaza mwaka mzima anaimba. Na darasani anaombwa, tena kwa furaha, aeleze Krismasi ya kwao. Atoe nyimbo, atoe kadi, na mara nyingi yeye ndiye avae lile joho jekundu.

Umeona mambo yalivyogeuka? Clark aliambiwa asiseme, na mwalimu wa 1987 akaambiwa aseme. Ila nauliza: aseme nini? Anatakiwa aseme zawadi, theluji na msamiati. Akianza kueleza ibada ya usiku, au bibi yake aliyekuwa akipika na ambaye hayupo tena, kengele inalia na somo limekwisha. Kona ya shamba bado ipo. Haina ubao wa marufuku tena, basi tu.

Na tarehe 25 yenyewe? Kuanzia mwaka 1989 hadi 2018 mapumziko yalikuwa tarehe 23, siku ya kuzaliwa Mfalme Akihito. Siku mbili baadaye mgeni wetu akaamka na kwenda kazini kama kawaida, au kwenye sherehe ya kufunga muhula. Akitoka jioni anakuta madukani miti ya Krismasi inashushwa na mapambo ya misonobari na mianzi ya Mwaka Mpya yanapandishwa. Nyumbani wanasubiri simu, na saa za kwao ndiyo kwanza asubuhi.

Wapo watakaosema Wajapani wameiharibu Krismasi. Mimi sikubali. Kitu ukishakifundisha si chako peke yako, na atakayekipokea atakivalisha upanga au atakipaka krimu. Sisi tunaotaka kuandika tujue hilo mapema, maana hadithi tutakayoitoa mlangoni nayo itakwenda hivyohivyo. Lakini mwenyeji naye ana deni lake. Wahenga hawakusema tu mgeni apewe jembe. Walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wale wanafunzi wa Matsue waliokaa kimya kwa mwalimu wao wakitazama vitabu walikuwa wanalipa deni hilo. Mwalimu wa kigeni siku ya tarehe 25 hahitaji keki kubwa. Anahitaji mtu mmoja wa kumwuliza, "Kwenu leo wanafanya nini?" kisha akakaa chini kusikiliza jibu lote.