Mama Aliyeitwa Jokofu

Muhula uliopita, katika mjadala kuhusu usonji, mwanafunzi mmoja alisema kwa utulivu kabisa kwamba watoto wa namna hiyo huzaliwa na mama wasio na upendo. Nilipomuuliza wazo hilo alilipata wapi, alijibu kuwa alilisikia redioni. Sikumkaripia. Kauli ile ina historia ndefu, na haikuanzia kwenye redio zetu.

Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, alichapisha makala kuhusu watoto 11 waliojitenga na watu na kutaka kila kitu kibaki kilivyo. Alihitimisha kwamba hali hiyo ni ya kuzaliwa nayo. Lakini alitaja pia kwamba wazazi wengi wa watoto hao walikuwa wasomi wasio na uchangamfu. Wanahabari waliiacha hoja ya kwanza, wakaishika ya pili. Mwaka 1948 jarida la Time liliwaandika watoto hao kama walioganda kwa baridi ya wazazi wao. Haki isemwe: taswira ya jokofu ilitoka kwa Kanner mwenyewe.

Aliyeifikisha kwa umma mpana ni Bruno Bettelheim wa Chicago. Alikuwa amefungwa katika kambi za Wanazi za Dachau na Buchenwald, na katika kitabu chake The Empty Fortress cha mwaka 1967 alifananisha hali ya mtoto mwenye usonji na ya mfungwa wa kambi. Ndugu msomaji, ikiwa mtoto ni mfungwa, mlinzi wa kambi ni nani? Kitabu kilisifiwa sana. Wapo mama waliotenganishwa na watoto wao, wengine wakapelekwa wao wenyewe kutibiwa ule unaodaiwa kuwa ubaridi.

Upinzani ulitoka nyumbani. Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la majini na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa tayari ameibomoa nadharia hiyo katika kitabu cha mwaka 1964; mwaka uliofuata wazazi wakaunda chama chao cha kitaifa. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya chama hicho akawatangazia wazazi kuwa hawana hatia. Hapa ndipo ninapokwama kila nikifundisha somo hili: mashtaka yalisambazwa na jarida lililouzwa nchi nzima, lakini hukumu ya kuwaachilia ilisomwa ukumbini, mbele ya washtakiwa wenyewe.

Kisha ikaja filamu ya Rain Man, mwaka 1988, ikatwaa tuzo nne za Oscar. Watu wengi walilisikia neno usonji kwa mara ya kwanza kupitia kwake, wakabaki na taswira nyingine: bingwa wa hesabu, ilhali wenye kipaji kama hicho ni wachache. Katika filamu hiyo mama wa mhusika amekwisha kufa zamani. Hashtakiwi tena, wala hasemi.

Baada ya kipindi mwanafunzi yule alinifuata ofisini. Shangazi yake ana mtoto wa miaka tisa asiyezungumza, na ukoo umeacha kumwalika kwenye shughuli. Aliomba nakala ya makala ya 1943. Nikamfungulia ukurasa wa mwisho, akaupiga picha kwa simu yake.