Asili ya Hadithi za Waamishi

Wasomaji wetu wa pande za Ziwa Viktoria wamezoea jina la Wamennonite, maana wamisionari wa kwanza wa kanisa hilo walifika Shirati mwaka wa 1934, nao walitumwa na kanisa la Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Katika wilaya hiyo hiyo ya Lancaster wanakaa ndugu zao wa mbali waitwao Waamishi. Hawa husafiri kwa magari ya farasi, huvaa nguo zisizo na mapambo, wala hawaungi nyumba zao na waya za umeme zitokazo nje. Hawana desturi ya kupeleka wamisionari, wala hawana shauku ya kujulikana na ulimwengu. Hesabu yao leo imepita 300,000, na wengi wao wako Pennsylvania, Ohio na Indiana.

Ajabu ni hii, ya kuwa watu wasiopenda kutajwa wamekuwa maneno ya vitabu vya hadithi vingi mno. Katika mwaka wa 2012 peke yake vilitoka vitabu vipya zaidi ya 80, na karibu vyote viliandikwa na watu wasio Waamishi, kwa wasomaji wasio Waamishi. Twataka kuuliza hadithi hizi zilianza wapi, yaani ni jambo gani lililomsukuma mwandishi wa namna hii kushika kalamu.

Kwanza hatuna budi kueleza neno moja, kwa kuwa pasipo hilo hadithi hazifahamiki. Mwaka wa 1525 watu wachache wa mji wa Zürich walibatizana wakiwa watu wazima, wakisema ubatizo wa mtoto mchanga si ubatizo. Wakateswa sana na serikali na makanisa. Menno Simons, kasisi wa Uholanzi aliyeuacha ukasisi wake mwaka wa 1536, akawa mchungaji wa wengi wao, na kwa jina lake wakaitwa Wamennonite. Mwaka wa 1693 ugomvi ukatokea kati ya ndugu wa Uswisi na wa Alsace. Mzee Jakob Ammann alishikilia kwamba mtu aliyetolewa katika ushirika asitengwe katika Meza ya Bwana tu, bali atengwe katika meza ya nyumbani pia. Waliomfuata wakaitwa Waamishi, na katika karne ya 18 wakaanza kuvuka bahari kwenda Pennsylvania.

Kutengwa huko wenyewe hukuita Meidung, na asili ya neno hilo ni kuepuka. Kulifasiri kwa Kiswahili si jambo jepesi. Kususa hakufai, maana kususa hutoka moyoni mwa mtu mmoja aliyekasirika: mtoto hususa chakula, na ndugu hususa arusi. Kutenga ni karibu zaidi, kwa kuwa ni hukumu ya wengi. Walakini sisi tusikiapo kwamba mtu ametengwa, twafikiri ya kuwa hapiki pamoja na wenzake, hazikwi nao, na pengine amehama. Mtengwa wa Kiamishi aweza kubaki nyumbani kwake. Hulala chini ya paa lile lile, hula chakula kile kile kilichopikwa na mama au mke, lakini meza yake imewekwa mbali kidogo, na kitu alichokishika hakipokewi kutoka mkononi mwake. Wala hufanyiwi haya mtoto ambaye hajabatizwa. Hufanyiwa aliyeapa kwa hiari yake kisha akavunja kiapo. Wazee husema ni dawa ya kumrudisha. Mwandishi wa hadithi, akiiona ile meza ya pili, huona kwamba hadithi yake iko pale tayari.

Wa kwanza kupata jina kubwa kwa hadithi za watu wa Pennsylvania wenye asili ya Kijerumani alikuwa Bibi Helen Reimensnyder Martin, aliyezaliwa Lancaster mwaka wa 1868, binti wa mchungaji. Kitabu chake Tillie: A Mennonite Maid kilitoka mwaka wa 1904, nacho kilisomwa na watu wengi hata kikafanywa sinema mwaka wa 1922. Mwaka wa 1905 alifuatisha kingine, Sabina, juu ya Waamishi wenyewe. Tillie ni msichana apendaye vitabu, na baba yake humpiga kwa sababu ya kusoma. Bibi Martin alikuwa katika wale waliopigania haki ya wanawake kupiga kura, na kwetu yaonekana wazi kwamba katika mashamba ya jirani zake alitafuta mfano wa jambo alilokuwa amekwisha kuliamini. Baba wa namna ile hakukosekana Lancaster, kama asivyokosekana popote, lakini katika kitabu amesimama badala ya watu wote. Wenyeji walichukizwa, nasi hatuwalaumu.

Mwaka wa 1937 kikatoka kitabu kingine cha namna hiyo, Straw in the Wind, cha Bibi Ruth Lininger Dobson, juu ya Waamishi wa Indiana, nacho kiliwaonyesha kuwa watu wagumu wasio na huruma. Hicho ndicho kilichomwamsha Bwana Joseph W. Yoder. Habari za huyu zastahili kukaliwa zaidi.

Bwana Yoder alizaliwa mwaka wa 1872 katika bonde la Kishacoquillas, katikati ya Pennsylvania, na wazazi wake walikuwa Waamishi. Yeye mwenyewe alikwenda chuo, akawa mwalimu wa kuimba, akazunguka huku na huku akifundisha watu kusoma noti. Hakuishi maisha ya Kiamishi katika utu uzima wake. Aliposoma jinsi watu wa mama yake walivyochorwa, alikata shauri kujibu, na jibu lake halikuwa hoja wala hotuba bali maisha ya mama huyo. Kitabu hicho, Rosanna of the Amish, alikitoa mwaka wa 1940, akakichapisha kwa kampuni yake mwenyewe katika mji wa Huntingdon. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 70.

Na mama huyo alikuwa nani? Hakuzaliwa Mwamishi hata kidogo! Rosanna McGonegal alikuwa mtoto wa watu wa Ireland, Wakatoliki. Mama yake alikufa yeye angali mchanga sana, na baba asiweze kumlea akamwacha mikononi mwa jirani, mwanamke wa Kiamishi aliyekuwa hajaolewa, jina lake Elizabeth Yoder. Mtoto akakua akisema Kijerumani cha Pennsylvania na kuvaa kofia ya kitambaa kama wenzake. Baadaye ndugu zake wa damu wakamtafuta, naye akauona mji wa Philadelphia na maisha aliyopaswa kuyarithi. Akarudi bondeni, akabatizwa katika kanisa la waliomlea, akaolewa na Christian Yoder.

Twaona hapa akili ya mwandishi, au labda ni upendo wake tu. Aliyetaka kuthibitisha kwamba Waamishi si watu wakatili hakumchagua shahidi aliyezaliwa kati yao, ambaye hakujua maisha mengine. Alimleta mtu aliyekuwa na mlango wa kutokea, akauona uko wazi, asitoke. Hata hivyo tusimfanye Bwana Yoder kuwa wakili wa kila desturi. Mwaka wa 1942 alitoa kitabu cha tenzi za Waamishi, ambazo sauti zake zilikuwa zikipokewa kwa sikio tu tangu zamani, akaziandika kwa noti ili zisipotee. Lakini mwaka wa 1954 mtu huyu huyu alitoa kitabu cha kubishana na sheria ya wanawake kufunika kichwa. Alikufa mwaka wa 1956.

Baada yake twapita upesi miaka mingi, maana hadithi za Kiamishi zilikuwa chache mpaka mwaka wa 1997. Mwaka huo Bibi Beverly Lewis alitoa The Shunning, yaani Kutengwa, nacho kimeuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Huyu naye alizaliwa Lancaster, mwaka wa 1949, na kama Bibi Martin alikuwa binti wa mchungaji. Asili ya kitabu chake ameieleza mara nyingi mwenyewe: ni habari ya bibi yake, mzaa mama. Bibi huyo alilelewa katika Wamennonite wa kale, wale wanaosafiri kwa farasi, akaolewa na mwanafunzi wa chuo cha Biblia kinyume cha mapenzi ya baba yake, na kwa hiyo akatengwa. Mjukuu alikua akiijua habari hiyo.

Angalieni basi alivyoigeuza. Bibi yake alikuwa Mmennonite. Msichana wa kitabuni, Katie Lapp, ni Mwamishi. Bibi alitengwa kwa ajili ya mume. Katie anaanza kufarakana na wazee kwa ajili ya nyimbo na gitaa, kisha anaona darini vazi la hariri la mtoto mchanga, akajua kwamba wazazi waliomlea si waliomzaa. Mama yake wa damu ni mwanamke tajiri wa nje. Basi Katie ni Rosanna aliyegeuka nyuma mbele: wote wawili ni watoto wa wageni waliolelewa na Waamishi, mmoja akarudi kwa waliomlea, wa pili akaenda kumtafuta aliyemzaa. Hatusemi kwamba Bibi Lewis alimwiga Bwana Yoder. Twaona tu kwamba kila atakaye kueleza mpaka wa watu hawa hulazimika kumtafuta mtu aliyesimama juu yake.

Na mwandishi mwenyewe amesimama papo hapo. Yoder alikuwa mwana wa Waamishi asiyeishi kama wao. Lewis ni mjukuu wa mtengwa. Martin alikuwa jirani aliyetazama juu ya ua, na ndiyo sababu kitabu chake kina makosa ya jirani. Jambo hili latuhusu sisi tunaokusanya desturi na methali za watu kwa ajili ya shule na kurasa kama hizi. Tutakapo kujua mambo ya jando au ya matambiko, twamwuliza nani? Mara nyingi twamwuliza mwalimu aliyebatizwa, au mwanamke aliyeolewa mbali, yaani mtu aliyetoka. Ajua mengi, na husema kwa ufasaha, kwa kuwa kutoka kwake kumemfundisha kuyaona. Lakini alilolipenda amelipenda kama mtu aliyeliacha, na lililomwuma limemwuma zaidi kuliko lilivyomwuma aliyebaki. Mzee aliyebaki hana haja ya kutueleza, naye asipoulizwa hasemi.

Kuna wanaodhani kwamba Waamishi wenyewe hawaandiki. Si kweli. Kujitanguliza huwaonya nako sana, na kiburi, ambacho hukiita Hochmut, ni dhambi wanayoiogopa kuliko nyingi. Kwa hiyo mtu kujitungia kitabu cha sifa zake ni aibu. Walakini katika mji wa Aylmer, Kanada, wana matbaa yao iitwayo Pathway, iliyoanza mwaka wa 1964, na tangu mwaka wa 1968 hutoa gazeti la nyumbani, Family Life, ambalo ndani yake zimo hadithi zilizotungwa na Waamishi kwa ajili ya Waamishi, mara nyingi pasipo jina la mtungaji. Hadithi hizo hazina mavazi ya hariri darini. Zina ng'ombe aliyeuzwa kwa hila, jirani aliyesengenywa, mtoto asiyetii.

Tena liko gazeti The Budget, la Sugarcreek katika Ohio, lililoanza mwaka wa 1890. Kila kanisa la mbali lina mwandishi wake wa barua, naye hupeleka habari za juma: mvua iliyonyesha, ibada ilifanywa nyumbani mwa nani, mtoto aliyezaliwa, mgonjwa anayeendelea vizuri, wageni waliokuja na siku waliyoondoka. Aliyetengwa hutamtafuta humo. Barua hupita jina lake kimya, zikaendelea na habari za mavuno.