Mlima Ulioteremka Juu ya Shule: Kijiji cha Aberfan na Kumbukumbu Yake

Historia tunayosoma darasani husimulia zaidi habari za wafalme, vita na mikataba. Historia ya kijiji hukaa mahali pengine: katika vinywa vya wazee, katika majina ya vijito, juu ya mawe ya makaburi. Mara nyingi hakuna anayeiandika mpaka siku ya msiba. Leo tunawaletea habari za kijiji kimoja cha Wales, nchi ndogo iliyoungana na Uingereza katika ufalme mmoja. Tumekichagua kwa sababu watu wake walijua jambo ambalo wakubwa walidai baadaye kwamba halikujulikana na mtu yeyote.

Kijiji hicho ni Aberfan. Kipo katika bonde la mto Taff, kilometa zipatazo 6 kusini mwa mji wa Merthyr Tydfil, ambao kwa mapokeo ya wenyeji una jina la Mtakatifu Tydfil, mfiadini. Kwa lugha ya Wales, jina Aberfan lamaanisha mahali ambapo kijito Fan kinaingia mtoni. Shule ya msingi ya kijiji iliitwa Pantglas, maana yake bonde dogo la kijani. Tazameni jinsi majina hayo yote mawili yanavyotaja maji na majani. Wahenga walioyatoa waliitazama nchi yao kwa makini.

Makaa na lundo

Kijiji kilikua kwa sababu ya mgodi wa makaa ya mawe wa Merthyr Vale, ulioanza kuchimbwa mwaka 1869. Baba alishuka shimoni, na mtoto wake wa kiume akamfuata alipofikia umri. Tarehe 1 Januari 1947 migodi yote ya makaa ya Uingereza ilitoka mikononi mwa matajiri ikawa mali ya taifa, chini ya Halmashauri ya Taifa ya Makaa ya Mawe. Wachimbaji walifurahi, maana walitangaziwa kwamba tangu siku hiyo migodi ilikuwa ya wananchi wenyewe.

Lakini mgodi hautoi makaa peke yake. Hutoa pia mawe, udongo na tope jeusi linalobaki makaa yakisha kuoshwa. Wale kati yenu wanaoishi Lubumbashi wanaujua ule mlima mweusi unaosimama karibu na bomba refu la moshi. Huo ulizaliwa na tanuru za shaba. Milima ya Aberfan ilizaliwa na uchafu wa shimo. Kwa kuwa bonde lilikuwa jembamba, uchafu huo ulipandishwa juu ya mlima na kumwagwa huko. Kufikia mwaka 1966 malundo yalikuwa 7. Lile la saba lilianzishwa mwaka 1958, kwenye mteremko uliokuwa juu ya shule, na urefu wake ulifika mita 34 hivi. Liliwekwa juu ya chemchemi.

Chemchemi hizo hazikuwa siri. Zilichorwa katika ramani. Watoto walizichezea, na wazee walikumbuka mahali ambapo maji yalitoka kabla ya lundo kuyafunika. Tena malundo ya mlima huo yalikuwa yamekwisha kuteleza: moja mwaka 1944, na lile la saba lenyewe mwaka 1963. Kila mvua kubwa iliponyesha, maji meusi yaliteremka mpaka penye shule.

Sauti ambazo hazikupata jibu

Wenyeji hawakunyamaza. Mwaka 1963 injinia wa mji aliandika barua akieleza hatari ya tope lililokuwa likimwagwa nyuma ya shule ya Pantglas. Mwanzoni mwa mwaka 1964, mama mmoja mjumbe wa baraza la mji, Gwyneth Williams, alionya katika kikao kwamba lundo likisogea litaihatarisha shule nzima. Mwaka uliofuata mama wawili wa wanafunzi walipeleka ombi la wazazi kwa mwalimu mkuu, Ann Jennings, kuhusu mafuriko yale, naye akalifikisha kwa wakubwa wa mji.

Barua zilijibiwa kwa maneno ya adabu, kisha lundo likaendelea kukua. Tuelewe pia hofu iliyokuwa mioyoni mwa watu. Mgodi ndio uliokuwa ukileta mkate nyumbani. Katika miaka ile migodi mingi ya Wales ilikuwa ikifungwa, na wengi waliogopa kwamba wakipiga kelele mno kuhusu lundo, mgodi wao nao ungefungwa. Hivyo mtu aliyeona hatari alipaswa kuchagua kati ya usalama wa mtoto na mshahara wa baba. Chaguo hilo halikuwa la haki, wala si wao waliolitunga.

Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1966

Ilikuwa siku ya mwisho ya masomo kabla ya likizo fupi. Mvua ilikuwa imenyesha kwa majuma kadhaa. Ukungu ulijaa bondeni, ingawa juu mlimani jua lilikuwa likiwaka. Yapata saa 1 na nusu asubuhi, wafanyakazi waliofika kileleni waliona kwamba lundo la saba limezama mita kadhaa. Hapakuwa na simu ya kufanyia kazi, kwa kuwa waya wake ulikuwa umeibwa. Mmoja wao akashuka kwa miguu kwenda kutoa habari. Tume ya uchunguzi iliamua baadaye kwamba hata simu isingeweza kuwaokoa watu, kwa jinsi mambo yalivyokwenda upesi.

Ilipofika saa 3 na robo lundo liliteremka. Lilifunika shamba moja lililokuwa mlimani, likaikumba shule ya Pantglas na safu ya nyumba za jirani. Mabomba makubwa ya maji yalipasuka, na maji yake yakaongeza tope. Watoto waliopona walikumbuka mngurumo kama wa ndege inayoshuka, kisha giza, kisha kimya. Ukungu ulikuwa mzito hata watu wa kijijini walisikia tu, hawakuona.

Waliokufa walikuwa 144. Kati yao 116 walikuwa watoto, wengi wao wa miaka 7 hadi 10. Watoto 109 walifia shuleni, pamoja na walimu 5. Ann Jennings, mwalimu mkuu, alikuwa mmojawapo. Msaidizi wake, Dai Beynon, alikutwa amekufa huku amewakumbatia watoto. Nansi Williams, mama aliyekuwa akikusanya fedha za chakula cha wanafunzi, alijilaza juu ya watoto 5 kuwakinga. Yeye alikufa, nao wote 5 wakaishi.

Wachimbaji waliitwa kutoka shimoni, wakaja na nyuso zao nyeusi kuchimba mahali ambapo watoto wao wenyewe walifukiwa. Kila mara filimbi ilipopigwa, mamia ya watu walisimama kimya ili wasikie kama kuna mtoto anayelia chini ya kifusi. Baada ya saa 5 asubuhi hakutolewa tena mtu aliye hai. Kanisa dogo la Kiprotestanti liitwalo Bethania liligeuzwa kuwa mahali pa kuwalaza marehemu, na wazazi walipanga mstari nje, usiku na mchana, wakingoja zamu ya kuingia kumtambua mtoto.

Nani aliyejua?

Mwenyekiti wa Halmashauri ya Makaa, Lord Robens, hakwenda Aberfan siku ile; alihudhuria kwanza sherehe ya kusimikwa kwake kuwa mkuu wa chuo kikuu, akafika kijijini Jumamosi jioni. Kisha akatangaza kwamba chemchemi zilizokuwa chini ya lundo hazikujulikana. Maneno hayo yaliwachoma wenyeji. Katika kikao cha kwanza cha kuchunguza vifo, baba mmoja alikataa mtoto wake aandikiwe kwamba alikufa kwa kukosa pumzi. Alidai iandikwe kwamba Halmashauri ya Makaa ilimzika akiwa hai.

Tume ya uchunguzi iliongozwa na jaji Edmund Davies, mzaliwa wa Mountain Ash, mji wa wachimbaji usio mbali na hapo. Ilikaa siku 76 na kuwasikiliza mashahidi 136. Hapo ndipo historia ya kijiji iliingia mahakamani. Ramani za zamani zilifunguliwa, barua za mwaka 1963 zikasomwa, na watu wa kawaida wakaeleza walichokumbuka juu ya maji na miteremko ya mlima wao. Taarifa iliyotolewa Agosti 1967 ilitamka wazi kwamba lawama ni ya Halmashauri ya Makaa, na kwamba msiba huo ungaliweza kuzuiwa. Tume haikusema kwamba palikuwa na watu waovu waliokusudia kuua. Ilisema kwamba palikuwa na ujinga, uzembe, na watu wasiopashana habari.

Hata hivyo, hakuna aliyeshtakiwa wala kufukuzwa kazi. Lord Robens alitoa barua ya kujiuzulu, serikali ikaikataa. Kila familia ilipewa na Halmashauri pauni 500 kwa mtoto mmoja aliyekufa. Watu wa nchi mbalimbali walituma sadaka zilizofikia pauni 1,750,000 hivi, lakini fedha hizo nazo zilileta maumivu mapya. Wasimamizi wa sheria za misaada walishauri kwamba kabla ya kumlipa mzazi, ichunguzwe kama kweli alikuwa karibu na mtoto wake. Waliotunza mfuko huo walikataa kuwauliza wazazi jambo la namna hiyo.

Malundo mengine yalikuwa bado yanasimama juu ya kijiji. Wazazi walitaka yaondolewe, nao wakaambiwa kwamba hayana hatari na kwamba kuyaondoa kutagharimu mno. Ndipo wenyeji walipochukua tope la mlima wakalimwaga katika ofisi ya serikali huko Cardiff. Mwaka 1968 serikali ilikubali kuyaondoa, kwa sharti kwamba pauni 150,000 zitolewe katika mfuko wa sadaka. Hivyo waliofiwa walilipia kuondoa uchafu uliowaua watoto wao. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, bila nyongeza yoyote kwa miaka ile yote, na mwaka 2007 serikali ya Wales iliongeza pauni 1,500,000 kama fidia ya dhuluma hiyo. Kabla ya msiba hapakuwa na sheria iliyosimamia uimara wa malundo ya migodi. Ilitungwa mwaka 1969.

Kazi ya kukumbuka

Kwa miaka mingi Aberfan ilinyamaza. Watoto waliopona walisimulia, walipokuwa watu wazima, kwamba kwa muda mrefu hawakutoka kucheza barabarani, kwa kuwa hawakutaka wazazi waliofiwa wawaone na kuumia. Mmoja wao, Jeff Edwards, aliyetolewa chini ya kifusi akiwa na miaka 8, ndipo baadaye akawa kiongozi wa baraza la mji wa Merthyr Tydfil. Alieleza mara nyingi jinsi alivyobanwa kando ya msichana aliyekufa, na jinsi jambo hilo lilivyomfuata usingizini miaka mingi. Hakusimulia ili ahurumiwe. Alitaka wengine waelewe kwamba msiba hauishi siku ya mazishi.

Mgodi ulifungwa mwaka 1989. Mahali pa shule pamekuwa bustani ya kumbukumbu, na juu ya kijiji, makaburini, safu za matao meupe zinaonekana kutoka mbali. Tarehe 21 Oktoba 2016, saa 3 na robo asubuhi, Wales nzima ilisimama kimya kwa dakika moja.

Wapendwa vijana, tunawaletea habari hizi kwa sababu ya swali moja: ni nani mwenye haki ya kuitwa mjuzi? Wakubwa wa mgodi walikuwa na vyeti na ramani. Mama waliopeleka ombi lao shuleni walikuwa na macho, na kumbukumbu ya maji meusi yaliyoingia penye watoto wao. Tume ilipoyaweka yote mezani, maneno ya hao mama yalionekana kuwa ya kweli. Lakini yalikuwa ya kweli pia siku walipoyatoa, miezi mingi kabla ya msiba, na siku hiyo yangeweza kuokoa watu.

Kwa hiyo tunawaomba vikundi vyenu vifanye kazi moja kabla ya mkutano ujao. Kila mmoja amwendee babu, bibi au jirani mzee wa mtaa wake, amwulize: hapa palikuwa na nini kabla ya nyumba hizi? Maji yalipita wapi? Kuna mahali ambapo mlikatazwa kujenga, na kwa sababu gani? Andikeni majibu pamoja na tarehe na jina la mahali, mkayahifadhi katika daftari la kikundi. Mkiona katika majibu hayo jambo la hatari, mlipeleke kwa wahusika kwa maandishi, mkabaki na nakala. Barua za injinia wa Merthyr Tydfil hazikuweza kuzuia lundo lisiteremke, lakini kwa kuwa zilihifadhiwa, hakuna aliyeweza kuwaambia wazazi wa Aberfan kwamba jambo hilo halikujulikana.