Mtegaji Anakula Nini?

Likizo ya mwaka wangu wa kwanza chuoni niliimalizia kijijini kwa babu mzaa mama, mkoani Morogoro, si mbali na Hifadhi ya Mikumi. Usiku mmoja nilikuwa nimekaa sebuleni na kompyuta yangu, naitazama Saw kwa mara ya tano au ya sita. Babu alikuwa kitini nyuma yangu na redio yake. Nilidhani anasikiliza taarifa ya habari, kumbe macho yake yalikuwa kwenye kioo changu. Wanaume wawili wamefungwa minyororo ya miguu kwenye choo kichafu, kila mmoja amepewa msumeno. Msumeno hauwezi kukata mnyororo, ila unaweza kukata mguu.

"Nani kawatega hao?" aliuliza.

Nikamweleza kwamba kuna mtu mmoja anawakamata watu na kuwafungia kwenye mitego, atakayekubali kujiumiza ndiye atakayetoka.

"Akishawanasa anawala?"

"Hapana, babu. Anawatazama tu."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mtego gani huo, mjukuu wangu? Mtegaji anakula nini?"

Nilicheka, na nadhani alijua namcheka yeye. Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, babu amekwishatangulia mbele ya haki, na lile swali bado ninalo.

Filamu za mitego nimezipenda tangu darasa la tano, tulipokuwa tukilipa shilingi mia kuingia kwenye kibanda umiza cha mtaani na kubanana kwenye mabenchi, huku sauti ya mtafsiri ikitueleza kwa Kiswahili nani anakufa na kwa nini amejitakia. Wenzangu wa hosteli wananijua kwa hilo. Kila Ijumaa mimi ndiye ninayechagua filamu, na kila muhula kuna mtu ananiomba orodha. Basi orodha yenyewe ni hii, kwa mpangilio wa miaka, na pembeni ya kila filamu nimeweka swali la babu.

Babu alikuwa na haki ya kuliuliza, maana naye alikuwa mtegaji. Katika miaka ya 1950, akiwa kijana, alitega funo na kanga pembezoni mwa mashamba. Mtego wake ulihitaji mti mchanga unaopindika bila kuvunjika, kamba ya mkonge, kitanzi, na kijiti kimoja kinachozuia vyote, ambacho yeye alikiita mtambo. Mnyama akikigusa, mti unafyatuka kurudi juu na kitanzi kinakaza. Siku moja alikamatwa na kitoweo begani, akafungwa miezi sita. Alikwenda jela akiwa mtegaji na kurudi akiwa jangili, ingawa alichokuwa akikifanya kilikuwa kilekile alichokifanya baba yake.

Filamu ya kwanza kwenye orodha ni ya 1932, The Most Dangerous Game, iliyoongozwa na Irving Pichel na Ernest Schoedsack. Ina urefu wa saa moja na dakika chache tu. Mwindaji mashuhuri kutoka Marekani, Rainsford, anaokoka meli inapozama na kujikuta kisiwani kwa mtu aitwaye Zaroff. Zaroff naye ni mwindaji, lakini wanyama wamemchosha, kwa hiyo anawinda watu. Anampa mgeni wake kisu na muda wa kutangulia porini. Sehemu ya msitu ule ilipigwa picha kwenye mandhari zilezile zilizojengwa kwa ajili ya King Kong, na Fay Wray anapiga kelele katika filamu zote mbili.

Filamu ilitokana na hadithi fupi ya Richard Connell iliyochapishwa 1924, na nakushauri uisome pia. Mimi niliisoma kwa ajili ya makala ya darasani, na mahali fulani nikasimama. Katika hadithi, Zaroff anajisifu kwamba amewahi kuwinda vifaru Afrika Mashariki. Baadaye Rainsford, akikimbizwa, anatengeneza mitego mitatu. Wa kwanza ni wa Kimalay, nao unamjeruhi Zaroff begani. Wa pili ni shimo la Kiburma, linalomuua mbwa wake mmoja. Wa tatu ni mti mchanga uliopindwa na kufungwa kwa mmea utambaao, na kisu kimefungwa kwenye mti huo. Ukifyatuka unamuua mtumishi wa Zaroff. Connell anaeleza kwamba mtego huo Rainsford alijifunza kwa wenyeji, Uganda.

Kati ya mitego yote mitatu, ni huo tu ulioua mtu, na ulikuwa ndugu wa mtego wa babu: mti mchanga, kamba, mtambo. Hadithi haisemi aliyemfundisha Rainsford aliitwa nani. Inatosha kwamba Mmarekani alipita, akaona, akakumbuka. Nilijikuta nikimfikiria huyo mwalimu asiye na jina na kujiuliza kama naye, baada ya mgeni wake kuondoka, alikamatwa na kamba mkononi.

Swali hilo halikutoka hewani. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji kwa koloni la Afrika Mashariki, na kuwinda kukaanza kuhitaji leseni. Mwaka 1900 dola za Ulaya zenye makoloni Afrika zilikutana London kuandika mkataba wa kuhifadhi wanyamapori, na miongoni mwa vitu vilivyotajwa kuwekewa mipaka ni nyavu na mashimo ya kutegea. Mkataba wenyewe haukupata kuanza kutumika rasmi, lakini mawazo yake yaliingia katika sheria za makoloni. Mwenye bunduki na pesa ya leseni aliitwa mwanamichezo. Mwenye kamba na njaa alipewa jina jingine.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Hadi safari inaisha mwaka uliofuata, wawili hao walikuwa wameua wanyama 512, wakiwemo simba 17, tembo 11 na vifaru 20. Vielelezo vilipelekwa makumbusho ya Smithsonian, na sehemu ya nyama ililiwa na msafara. Lakini hakuna aliyevuka bahari kwa sababu ya kitoweo. Connell aliandika kwa wasomaji waliokuwa wamekua na habari za safari kama hizo, na alichofanya ni kuugeuza mtutu: je, kama anayekimbia porini ni wewe? Zaroff hali anachokiua. Anakitundika ukutani.

Ya pili ni Battle Royale ya Japani, 2000. Serikali inalikamata darasa zima, wanafunzi 42, inalipeleka kisiwani, inawafunga vifaa vya kulipuka shingoni, na kuwapa siku tatu wauane mpaka abaki mmoja. Ilipotoka, baadhi ya wabunge wa Japani walipiga kelele kwamba itaharibu vijana. Mwongozaji, Kinji Fukasaku, alikuwa na miaka 70. Mwaka 1945, akiwa na miaka 15, alifanya kazi kiwandani pamoja na wanafunzi wenzake, wakitengeneza zana za vita, na kiwanda kikapigwa mizinga. Alisimulia kwamba walijificha chini ya miili ya wenzao, na baadaye waliobaki ndio waliopewa kazi ya kuiondoa maiti. Alisema tangu siku hiyo hakuwaamini tena watu wazima. Ukijua hilo, utaona filamu hii haifurahii vifo vya watoto. Kila anayekufa anatajwa kwa jina na namba, kama mtu anayeita mahudhurio ya darasa lake mwenyewe. Hapo mtegaji ni serikali, na inakula hofu. Vijana wakiogopana wao kwa wao, hawana muda wa kuwatazama wakubwa.

Cube nimeirusha kidogo, kwa kuwa ni ya 1997, lakini nataka ukae nayo kabla ya Saw. Mwongozaji wake ni Vincenzo Natali wa Kanada. Watu wanaamka ndani ya jengo la vyumba vya mraba visivyo na mwisho, vingine vina mitego. Waigizaji walifanya kazi karibu yote katika chumba kimoja, kilichobadilishwa rangi ya taa ili kionekane vyumba vingi. Mmoja wa wafungwa anakiri kwamba aliwahi kuchora ganda la nje la jengo hilo. Alilipwa, hakuuliza. Anaamini hakuna anayeliongoza tena, kila mtu alifanya kipande chake na kwenda nyumbani. Hii ndiyo filamu pekee kwenye orodha inayomjibu babu kwamba huenda mtegaji hayupo kabisa, kuna mtego tu na mishahara.

Kisha Saw. James Wan na Leigh Whannell walikuwa marafiki waliosoma pamoja Melbourne. Filamu yao ilipigwa picha kwa siku 18, kwa bajeti ya dola milioni moja na ushee, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 100. Wapo wanaoandika kwamba ilizaliwa na picha za mateso ya gereza la Abu Ghraib. Mwanahistoria lazima aangalie kalenda: Saw ilionyeshwa Sundance Januari 2004, na picha zile zilitoka Aprili. Ninachoweza kusema ni kwamba watazamaji walioijaza kumbi mwezi Oktoba walikuwa wamekwishaziona picha hizo. Mwaka 2005 ikaja Hostel, ambamo matajiri wanalipa ili wamtese mtu, na bei ya Mmarekani ni ya juu kuliko ya wengine. Hapo ushuru wa Zaroff umerudi, sasa una risiti.

Kama hujaitazama Saw, ruka aya hii. Mtegaji amelala sakafuni, katikati ya choo kilekile, muda wote. Tunamdhania maiti. Hakuhitaji kuwa pale, angeweza kukaa mbali, lakini alitaka kuwa karibu aone. Nilipomwambia babu kwamba mtu yule anatazama tu, nilisema kweli kuliko nilivyojua. Na mimi nilikuwa nimekaa umbali uleule kutoka kwa wafungwa, miguu nimenyoosha, natafuna karanga.

Ya mwisho ni tamthilia, si filamu: Squid Game ya Hwang Dong-hyuk, Korea Kusini, 2021. Watu 456 wenye madeni wanacheza michezo ya watoto, anayeshindwa anapigwa risasi, na kila kifo kinaongeza fedha za mshindi. Hwang alianza kuiandika karibu 2009, ikakataliwa kwa takriban miaka kumi. Wakati fulani alikuwa na shida mpaka akauza kompyuta aliyokuwa akiandikia. Mhusika mkuu aliwahi kufukuzwa kazi kiwanda cha magari baada ya mgomo, na mfano wake ni mgomo wa siku 77 wa wafanyakazi wa Ssangyong mwaka 2009. Hakuna anayelazimishwa kwa bunduki kuingia kwenye mchezo. Wanaruhusiwa kupiga kura na kurudi nyumbani, na wanarudi kweli. Kisha wengi wao, wakiisha kuona madeni yanayowasubiri, wanaomba kuingia tena.

Mwaka jana tuliirudia pale hosteli, watu wanne chumbani. Ilipofika sehemu ya wale matajiri waliovaa vinyago vya dhahabu, wakinywa na kuwekeana dau juu ya nani atakufa, mwenzetu mmoja alitoka nje, hakurudi. Nilimkuta ngazini. Mwezi mmoja kabla, sisi sote tulikuwa tumepokea ujumbe kutoka namba ngeni: mtu fulani, jina lake kamili, amekopa kupitia simu na anawakimbia wadai wake, mwambieni alipe. Ujumbe ule ulitumwa kwa kila mtu aliyekuwa kwenye simu yake, hadi kwa mama yake na mchungaji wao. Alikuwa amekopa ili amalizie ada. Sisi tulicheka. Kwa wiki nzima tulimwita kwa jina kamili kama lilivyoandikwa kwenye ujumbe, naye alicheka pamoja nasi.

"Pesa ndogo tu," aliniambia pale ngazini. "Kilichoniuma ni nyie kuisoma kwa sauti."

Sikuwa na la kusema. Waliomtega walijua kitu ambacho mimi, mwanahistoria wa mitego, sikukijua: kwamba mtego wao usingefanya kazi bila watazamaji, na watazamaji tulikuwa sisi. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, walisema wahenga, na sisi tulidhani hatumo.

Tulichanga kilichopatikana. Hakikutosha, lakini kilipunguza. Bado kila Ijumaa tunatazama filamu, na bado mimi ndiye ninayechagua. Zote nilizozitaja nakushauri uzione, tena kwa mpangilio huu. Ila ukifika mahali mtu anapopiga kelele na mwingine anatazama, simamisha kidogo, umuulizie babu yangu: huyu mtegaji anakula nini? Kisha jiulize na wewe, uliyekaa hapo na bakuli mapajani.