Kutoka Usukuma Hadi Rochdale: Safari ya Mizani

Mwaka 1953 kijana mmoja kutoka Mwanza alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Ni Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma na mtoto wa mhubiri wa Kisabato. Wakati huo Mkoa wa Simiyu haukuwapo. Bariadi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa katika Jimbo la Ziwa, na pamba ndiyo iliyotoa kodi, karo na nguo za watoto.

Bomani alisafiri akiwa na swali alilolipata nyumbani. Mkulima wa Usukuma alilima, akapalilia, akavuna, akajitwika mzigo hadi kituo cha kununulia. Pale kituoni pamba ilipimwa na mtu yule yule aliyekuwa akiinunua, naye ndiye aliyetaja uzito na bei. Kabla ya safari, Bomani alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, na chama hicho kiliweka wapimaji wake ili uzito uhakikiwe upya kabla mkulima hajalipwa. Wakulima walilipokea jambo hilo kwa mikono miwili. Kwa hiyo si haki kusema kwamba ushirika wa pamba uliletwa na Wazungu. Ulikuwa umekwisha kuota huku kwetu.

Alichokikuta Uingereza kilikuwa historia ya watu wenye shida ya namna hiyo hiyo. Chuo cha Ushirika alikosomea kilianzia mwaka 1919 huko Manchester, mji uliotajirika kwa viwanda vya pamba iliyolimwa nchi za mbali, kisha mwaka 1945 kikahamia Stanford Hall, karibu na Loughborough. Jirani na Manchester upo mji wa Rochdale. Huko, tarehe 21 Desemba 1844, wafumaji na mafundi waliochangishana pauni moja moja walifungua duka lao katika mtaa wa Toad Lane. Waliuza siagi, sukari, unga na mishumaa. Walikuwa wamechoshwa na wenye maduka waliopunja vipimo na kuchanganya unga na vitu visivyoliwa, wakaweka sharti: bidhaa safi na kipimo kamili. Kumbe hata mfanyakazi wa nchi iliyotutawala aliwahi kuibiwa kwenye mizani!

Bomani alirudi, na mwaka 1955 akawa meneja mkuu wa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kwa kifupi VFCU. Vyama vya msingi vilienea vijijini, muungano ukanunua viwanda vya kuchambua pamba, na kufikia uhuru mwaka 1961 biashara ya pamba ya Usukuma ilikuwa mikononi mwa muungano huo. Bomani mwenyewe akawa Waziri wa Fedha, na baadaye balozi nchini Marekani.

Yaliyofuata yanauma. Tume ya Rais ya mwaka 1966 ilikuta ubadhirifu katika vyama vingi nchini. Mwaka 1968 VFCU ilivunjwa, na mwaka 1976 serikali ikafuta vyama vikuu vyote vya ushirika. Vilirejeshwa katika miaka ya 1980, lakini imani ya mkulima haikurudi kwa sheria.

Leo, katika Mkoa wa Simiyu, pamba ya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega inauzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika wa kilimo na masoko (AMCOS). Ndugu mkulima, msimu ukifunguliwa simama karibu na mizani, usome uzito kwa macho yako, na usiondoke bila stakabadhi. Nanyi viongozi wa AMCOS, wasimulieni wanachama wenu historia hii.