Hati za Makampuni na Nchi ya Meru

Mtu asimamaye Moshono akautazama Mlima Meru, pamoja na migomba ya miteremkoni, huenda asidhani ya kuwa nchi hii iligawiwa kwa kalamu kabla watawala wa Ulaya hawajaikanyaga. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na yafaa walimu wawaeleze vijana.

Mwaka 1884 Carl Peters alikwenda Usagara, akakusanya hati zilizoandikwa kwa Kidachi, zikatiwa alama na wakuu wasioweza kuzisoma. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari Wilhelm wa Kwanza akaipa kampuni yake hati ya ulinzi. Mwaka huo huo Karl Jühlke, mwenziwe, akapata hati nyingine kwa Mangi Rindi wa Moshi. Hata mwaka 1886 Wadachi na Waingereza wakapatana mpaka: kutoka mto Umba, kupita kaskazini ya Kilimanjaro, mpaka Ziwa Victoria. Meru ikaangukia upande wa Wadachi. Waarusha na Wameru hawakuulizwa.

Waingereza nao wakafanya vivyo hivyo. Tarehe 3 Septemba 1888 kampuni ya William Mackinnon ilipewa hati ya kifalme, ikawa na ruhusa ya kutoza ushuru, kuamua mashauri na kuandika askari. Hapa ndipo penye kasoro. Mfanya biashara hutafuta faida, naye mtawala hana budi kutafuta haki. Mambo haya mawili yakiwekwa katika mkono mmoja, haki ndiyo iliayo.

Matokeo hayakukawia. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim na Bwana Heri, waliinukia kampuni ya Wadachi, hata serikali yao ikalazimika kuleta majeshi, na tarehe 1 Januari 1891 ikaitwaa nchi yenyewe. Kampuni ya Mackinnon ikaishiwa fedha, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikashika mahali pake.

Makampuni yakaondoka, lakini mawazo yao yakabaki. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1890 ilimruhusu Malkia kutumia mamlaka yake katika nchi za kigeni kana kwamba ameziteka au ameachiwa. Kwa nguvu ya sheria hiyo ikatolewa Amri ya Tanganyika ya mwaka 1920. Kisha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ikatangaza kuwa ardhi yote, yenye watu na isiyo na watu, ni ya umma chini ya Gavana, isipokuwa ile iliyokwisha kumilikiwa kwa hati halali. Basi mwenye karatasi alikingwa na karatasi yake. Mwenye kaburi la babu yake shambani alibaki mikononi mwa Gavana.

Uchungu wake ulionekana mwaka 1951, Wameru walipoondolewa Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasema mbele ya Umoja wa Mataifa. Shauri lile halikuwarudishia ardhi mara moja. Lakini safari hii watu wa mlimani walipeleka hati yao wenyewe, waliyoielewa kila neno.

Hii ndiyo faida ya shule, ndugu wasomaji: mtu asitie alama yake asipojua kilichoandikwa, wala asinyamaze wengine wanapoandika juu ya nchi yake.